Kopo Lililobeba Gari ya Moshi

Mimi, hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimenunua dhahabu Misisi kwa watu ambao mkono mmoja unashika mzani na mwingine unashika panga, na usiku huohuo nikalala fofofo. Ziwa limenizamisha mara mbili, na mara zote mbili nilitoka na mzigo wangu. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, lakini leo wenye diploma ndio wanaokaa mezani kwangu kuniandikia barua: mimi natoa maneno, wao wanaweka koma. Nyumba zangu za mabati pale Baraka unaziona tangu ungali majini. Kwa hiyo nikisema kwamba juzi, katika soko la Uvira, miguu yangu ilikataa kutembea kwa sababu ya kopo la chumvi, mjue anayesema si mtu wa kutetemeka ovyo.

Lilikuwa kopo la bati, la duara, bapa, pana kama sinia ya watu wawili, na mfuniko wake umeegemezwa pembeni. Mama mmoja alikuwa amelijaza chumvi na kupanga vijiko vya kupimia juu yake. Niliinama nikanusa ukingo. Chini ya chumvi ile harufu ilikuwa ingalipo: chachu kidogo, tamu kidogo, kama siki iliyomwagikia nguo mpya.

"Papa," yule mama akaniambia, "unanunua chumvi ao unainusa tu?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye kiwanja cha mpira cha Baraka, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, na baba yangu amefungiwa ndani ya kopo kama lile.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka kamyo ya sinema, lori lenye mtambo wa picha. Ilitokea upande wa Uvira, ikapita Mboko na kuzoa watoto wote wa Mboko wakiifuata kwa mbio, na sauti ya kipaza chake ilitufikia kabla ya vumbi lake. Walifunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili ya goli, wakawasha mtambo, na giza likiingia tu, watu walianza kutembea juu ya kitambaa. Mara nyingi walituonyesha namna ya kunawa mikono au ya kuchimba choo. Tulikwenda hivyohivyo. Lakini safari ile kipaza kilisema kingine: filimu ya gari ya moshi, filimu yenye vipande, leo kipande cha kwanza na cha pili, kingine kitafuata.

Sasa, Baraka hakuna reli. Haijawahi kuwako. Reli ilikuwa ng'ambo ya kusini, unashuka ziwa kwa mashua mpaka Kalemie, ambako wakati ule tulikuita Albertville, na kutoka pale inaingia bara kwenda Kabalo. Lakini tulikuwa na watu wetu wa reli, wazee wawili ambao mji mzima uliwaita bashemindefere. Mmoja alikuwa Alimasi, aliyefanya kazi ya kukaza breki, na vidole vyake viwili vilibaki kule kati ya mabehewa. Shingoni alivaa filimbi yake ya kazi, hata kanisani. Mwingine alikuwa Etabo, mtia kuni, macho mekundu kana kwamba moto ule bado unamwangalia. Alipostaafu alirudi na gogo moja la reli, lile linalolaliwa na vyuma, akalipakia kwenye mashua na kulilipia nauli kama abiria. Mkewe alikasirika. Etabo akaliweka mbele ya nyumba, likawa benchi lao.

Pale ndipo walipokaa kila alasiri wakibishana: mti gani unawaka vizuri mlimani, nani alikuwa mashinisti hodari wa kuendesha injini, kituo gani kina maji mabaya. Mashua ikichelewa kuondoka walitazamana na kutikisa vichwa, kwamba haya ndiyo mambo ya watu wasio na reli. Nilikaa chini karibu na miguu yao kwa haki yangu, maana baba yangu, Asukulu, alikuwa bado kulekule kwenye reli, mtia kuni. Etabo ndiye aliyemfundisha. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na Etabo alisimulia mara nyingi alivyojaribu kumgeuza akashindwa. "Kule reli yote," alisema, "muntu wa kutupa kuni na mukono ya kushoto iko mumoja tu."

Jioni ile ya sinema tulichelewa kwa ajili ya Alimasi, aliyetaka kwanza aoge na kuvaa kofia. Tulikuta mbele kumejaa: viti vya wakubwa, kisha mwalimu na watoto wake wa shule, kisha watu juu ya watu. Tukazunguka tukakaa nyuma ya kitambaa, sisi na wengine wengi. Kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi, picha ilionekana huku kama kule. Hakuna aliyeona ni mahali pa aibu. Bibi yangu, mama yake baba, alitandika kitenge chake, mama yangu akakaa kando, baba mdogo Wilondja akanipandisha mabegani.

Gari ya moshi ilipotokea, kubwa, nyeusi, inatema mvuke, bashemindefere walinyamaza kama watu walioona ndugu. Walinyamaza kidogo tu.

"Angalia mashinisti," Alimasi akasema. "Anakaa upande gani ule? Kwetu mashinisti iko upande ya kuume. Hawa batu ba sinema banajua nini?"

"Na kuni," Etabo akasema. "Banapanga kuni sawa batoto banacheza. Moto itabakufia mbele ya kilima."

"Wewe na moto yako. Ona breki. Anazungusha kinyume. Mi nikizungusha vile, gari inafika Kabalo, miye nabaki njiani."

"Ulibakiaka njiani hata bila kuzungusha."

Watu wakacheka. Hakuna kilichowaridhisha. Bendera ya mkuu wa kituo ilikuwa kwenye mkono usiostahili, moshi ulikuwa mwembamba mno, filimbi ilikosa pumzi. Lakini niliona Alimasi akikunja vile vidole vyake vitatu hewani kila breki ilipokazwa, na Etabo akijinyoosha mgongo kila mlango wa moto ulipofunguliwa. Sijapata kuona watu wakitukana kitu kwa mapenzi namna ile.

Kisha picha ikaingia ndani ya injini. Tukamwona mtia kuni kwa nyuma, hana shati, kitambaa kimefungwa kiunoni, anainama, anaokota gogo, analitupa motoni.

"Ngoja," Etabo akasema. Akasimama. "Ngoja kidogo. Ule mugongo miye njo niliufundisha kazi."

"Kaa chini, tunaona mugongo yako tu," mtu akamwambia.

"Mukono ya kushoto. Hamuoni? Anatupa na mukono ya kushoto. Ni Asukulu."

Bibi aliinuka bila kujitegemeza, yeye ambaye kila siku alihitaji bega la mtu. "Mutoto wangu," akasema taratibu. "Ona anakonda." Upande wetu wote ukaanza kupiga makofi. Baba mdogo aliniinua juu zaidi, nikaona mgongo ule, ambao nilibebwa juu yake nilipokuwa na homa, nikajua ni wake. Mama peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akiangalia kama mtu anayesoma, ingawa hakujua kusoma.

Filimu ikaendelea. Gari ikashuka bondeni, mawingu yakawa meusi, mvua ikaanza kupiga kwenye picha. Mto ukajaa. Tukaonyeshwa daraja, na nguzo moja ya daraja inatikisika ndani ya maji ya matope. Gari ikaingia darajani. Na hapohapo, juu ya vichwa vyetu, mvua ya kweli ikaanguka kutoka ziwani, mvua ile ya Baraka isiyobisha hodi. Mtambo ukazimwa. Kitambaa kikawa cheusi. Mimi sikuona kwamba ni mvua mbili. Nilifikiri ya filimu imefurika na kutumwagikia.

Watu walikimbia, mimi nikateleza kutoka mabegani nikakimbilia kwenye kamyo, nikajibanza chini ya turubai. Pale nikamwona fundi wa sinema, kijana mwenye kaptura ya kaki, akizungusha gurudumu. Ukanda mweusi ukajiviringisha, na ndani ya ukanda ule, kwa mwanga wa tochi yake, niliona visanamu vidogo vya gari ya moshi, kimoja juu ya kingine. Akaviringisha yote, mto, daraja, mgongo wa baba, akaitia ndani ya kopo la bati, akabana mfuniko kwa kiganja. Ile harufu ikanipiga. Ndipo nilipoelewa, kwa akili niliyokuwa nayo, mahali baba alipo.

Kesho yake kamyo ilipanda Fizi, maana kule nako walikuwa wakingojwa, na kipande cha mwisho kiliondoka nayo. Sisi tukabaki na daraja.

Alimasi hakuwa na nia mbaya. Walimuuliza kama mtaalamu, naye akajibu kama mtaalamu. "Ile daraja miye sijui jina yake," alisema akiwa kwenye gogo, watu wamemzunguka. "Lakini nguzo ikitikisika vile na gari iko juu, breki haisaidii. Ata malaika akaze."

"Lakini ni picha tu," baba mdogo akasema.

"Picha banaikamata wapi? Banaikamata kwa kitu yenye ilikwisha kufanyika. Ata picha ya mbuzi inasimama, na mbuzi tulikwisha kukula."

Na jambo lililowafanya wote waamini ni kwamba tangu miezi miwili baba hakuwa ametuma kitu, si barua, si sabuni, si neno kwa mabaharia. Kabla jua halijafika utosini, shangazi wa kwanza alikuwa ameingia uani akiwa ameshika kichwa. Mikeka ikatandikwa nje. Bibi akaketi chini, akafungua nywele zake. Watu wa mashua wanaokwenda Albertville wakapewa ujumbe wawapelekee ndugu zetu wa kule: kuna msiba nyumbani kwa Asukulu, wanaoweza waje.

Mama alikuwa anatwanga muhogo. Wakamwita mkekani, akakataa. "Miye sijaona maiti," alisema, akaendelea kutwanga. Wakamnong'ona, na wengine hawakunong'ona.

Mimi nami sikulia. Walinifinya ili nilie, nikakataa. Niliwaona watu wazima wanalia bure wakati mambo ni wazi: baba hajafa, amefungiwa. Kinachotakiwa ni kupanda Fizi na kufungua kopo.

Baba mdogo Wilondja alifikia uamuzi uleule kwa njia yake. Alisema haiwezekani kuzika mtu kwa kipande cha kwanza na cha pili. Bibi akakubali, akanyoosha kidole kwangu: "Mupeleke na mutoto. Ule mugongo ye njo anaujua." Bashemindefere hawakungoja kuombwa. Alimasi alikuwa amekwisha vaa kofia.

Tulipanda juu ya magunia ya pamba kwenye kamyo ya mfanyabiashara mmoja. Njia ya kupanda Fizi mnaijua, kona baada ya kona, na ziwa linabaki chini linakuwa dogo kama beseni. Alimasi alimkosoa dereva kila mteremko. Etabo hakusema neno, na kwa Etabo huo ulikuwa ugonjwa. Jua lilipotua, baridi ya Fizi ilitukuta hatuna hata koti moja kati ya watu wanne.

Safari hii tuliwahi. Tulikaa mbele kabisa ya kitambaa, karibu na wafugaji walioshuka kutoka milimani na fimbo zao ndefu. Fundi akaanza upya tangu kipande cha kwanza. Nilikuwa natazama kopo miguuni pake kuliko kitambaa, mpaka niliposikia Etabo anavuta pumzi.

"Mashinisti amehama," akasema.

Kweli. Mashinisti alikuwa upande wa kuume.

"Banasikia maneno yangu," Alimasi akasema. "Jana nilisema kwa nguvu. Banarekebisha." Na breki ilipozungushwa sawasawa, na bendera ikawa kwenye mkono unaostahili, alikunja mikono kifuani kama mtu aliyetendewa haki. Aliwageukia watu wa Fizi akawaeleza kwamba hayo yote yalikuwa na makosa jana, wakamwambia anyamaze.

Kisha injini, kisha mgongo, kitambaa kiunoni. Baba mdogo akanishika bega mpaka likauma. Mtia kuni akainama, akaokota gogo, akalitupa. Kwa mkono wa kuume.

"Mutoto," baba mdogo akaniuliza, "ile ni mugongo ya baba yako?"

"Mugongo ni yake," nikasema. "Mukono si yake."

Mfugaji mmoja jirani yetu akasema bila kugeuka kwamba mkono wowote ule, wale ng'ombe wa pichani kando ya reli wamekonda, na mwenye nao aone haya. Etabo alikuwa ameshindwa kuvumilia baridi, akaenda nyuma gizani kujisaidia. Ghafla tukasikia sauti yake ikitoka upande wa pili wa kitambaa.

"Alimasi. Kuja huku. Huku anatumia kushoto."

Alimasi akakimbia. Baba mdogo akakimbia, mimi nyuma yake. Upande wa pili, mgongo uleule, moto uleule, na mkono wa kushoto. Tukarudi mbele: kuume. Nyuma: kushoto. Wazee wale wawili walikuwa wanavuka mbele ya mwanga na vivuli vyao vinapanda juu ya gari ya moshi, na Fizi nzima inatutukana kwa lugha zote inazozijua. Fundi akaja na tochi.

"Bazee, munatafuta nini?"

Baba mdogo akamweleza, akasema yote, mikeka, Bibi, daraja. Kijana alisikiliza, akazima tochi kwa heshima.

"Jana mulikaa wapi?"

"Nyuma."

"Basi. Nyuma ya kitambaa kila kitu inageuka. Muntu wa kuume anakuwa wa kushoto. Ule si muntu wenu. Ile filimu inatoka mbali, miye mwenyewe sijui inchi gani. Hamukuona ata maandiko kwenye gari iligeuka?"

Wazee wakatazamana. Kati yetu wanne hakuna aliyejua kusoma hata jina la sabuni.

"Maandiko tuliona," Alimasi akasema, kofia imenyooka. "Tulifikiri ni Kiflama, ile luga ingine ya Babelgiji."

Baba mdogo Wilondja alikaa chini palepale kwenye majani yenye umande. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, na kila alipotaka kusema kitu alionyesha tu kitambaa. Kipande cha mwisho kikaja. Gari ikaenda pole, pole, juu ya daraja, nguzo ikatikisika, na Alimasi, ambaye sasa hakuwa na ndugu ndani ya gari ile, alitia filimbi mdomoni akaipuliza mara moja, ndefu, kama alivyofanya ujana wake wote. Gari ikavuka. Fizi yote ikasimama na kushangilia. Etabo akasema alijua tangu mwanzo, kuni zilikuwa zimepangwa vibaya mno kwa mwanafunzi wake.

Wote walitua mzigo usiku ule isipokuwa mimi. Nawaambia hivi kwa sababu najua mtoto anavyoweza kubeba kitu katikati ya watu wanaoimba. Wao walisikia kwamba wa kushoto hayuko. Mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Wa mbele alikuwa mgeni, sawa. Wa nyuma alikuwa baba, na wote wawili waliingizwa ndani ya kopo. Nilikwenda nikaweka mkono juu ya mfuniko. Bati lilikuwa bado la moto.

"Usifungue, mutoto," fundi akaniambia. "Vumbi itaingia."

Sikufungua. Tuliposhuka Baraka asubuhi, mikeka ilikunjwa, Bibi alifunga nywele, mashangazi wakala ugali wa msiba kwa furaha wakisema usitupwe. Mama aliendelea na muhogo wake. Kila mtu alisahau, katika furaha ile, kwamba ujumbe ulikuwa umekwenda na mashua.

Ulifika. Siku chache baadaye mashua ya Albertville ilipoonekana, Alimasi alikuwa ufukoni kuipokea, maana alipokea kila chombo kana kwamba ni zamu yake. Mimi nilikuwa naye. Mtu wa kwanza kuruka majini alikuwa baba. Alikuwa amenyoa kichwa chote, macho yamevimba. Walimwambia tu kuna msiba nyumbani kwake, hawakumwambia nani, na alimlilia mama yake, na mke wake, na mimi, kwa zamu, urefu wote wa ziwa. Aliponiona alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima tikiti. Kisha akamwangalia Alimasi.

"Nani alikufa?"

Alimasi akaangalia mchanga. "Weye," akasema. "Ni weye njo ulikufa, Asukulu. Lakini ilikwisha."

Pale nyumbani Bibi alimzuia mlangoni. Kwa Bibi, mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii ndani mpaka kila aliyemlilia ayanunue machozi yake, hata kwa kitu kidogo, la sivyo machozi yanabaki yakimtafuta mwenyewe. Basi baba akaketi uani kwenye kinu kilichopinduliwa, na watu wakapita mmoja mmoja. Shangazi akaleta ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Jirani akaleta chumvi. Etabo akaleta mzigo wa kuni, akamwambia azipange vizuri. Alimasi, aliyeapa kwamba hakulia hata kidogo, alivua filimbi yake shingoni akaiweka pamoja na vingine, na baba akamrudishia mara moja, kwa mkono wa kushoto, akisema asiharibu kazi ya ufuko. Mwisho akaja mama na kuku.

"Wewe hukulia," Bibi akamwambia.

"Nililia mu jiko," mama akasema. "Moshi ilinisaidia."

Baba alimshika kuku yule muda mrefu kuliko inavyotakiwa kumshika kuku. Kisha akaniona mimi nimesimama mikono mitupu.

"Na weye? Hukunililia?"

"Hapana."

Niliona uso wake unateremka kidogo, kama mtu mzima anayejitahidi usionekane. Basi nikamwambia: kwamba nilijua yuko ndani ya kopo, kwamba nilikwenda mpaka Fizi kumfungulia, fundi akakataza kwa ajili ya vumbi, na sasa naomba anieleze alitokaje. Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka kinu kikaanguka naye akaanguka nacho, na alipokuwa chini alinivuta juu ya kifua chake. Shati lake lilinuka moshi wa kuni, jasho, na ziwa. Halikunuka ile siki hata chembe. Ndipo mimi nikalia, wa mwisho kati ya watu wote, nikalia mpaka nikapata kwikwi.

"Haya, na huyu alipe," Bibi akasema.

"Huyu atalipa siku nyingine," baba akasema. "Ataniletea lile kopo. Tutalifungua sisi wawili, tuone nani alibaki ndani."

Hayo ni maneno ya mchezo, na alikuwa ameyasahau kesho yake. Mimi sikuyasahau. Nimefanya biashara ya samaki, ya pamba, ya dhahabu, ya mabati, na kila soko nililoingia nilipitisha macho kwenye vyombo vya zamani, bila kumwambia mtu natafuta nini.

Kwa hiyo pale Uvira nikamwambia yule mama amimine chumvi yake penginepo, nanunua kopo. Akasema kopo haliuzwi, ni la marehemu mumewe, alilipata kwa watu wa sinema. Nikasema ndiyo maana nalitaka. Alinitazama viatu, akanitazama saa, akataja bei ambayo hata yeye ilimchekesha, akingoja niikate mara tatu kama ilivyo desturi. Mimi, ambaye Misisi wananiita Kata-Kata, nilitoa pesa zote alizotaja na kumshukuru.

Nilimkuta baba Baraka, mahali anapokaa kila alasiri siku hizi: kwenye gogo la reli la Etabo, alilorithishwa. Ni mzee sana, meno yamebaki machache kuliko niliyokuwa nayo mimi wakati ule. Nikaweka kopo magotini pake. Hakuuliza ni nini. Aligusa ukingo, akaunusa. Kisha akabana mfuniko kwa mkono wa kushoto, nami nikashika upande wa pili, ukatoka kwa mlio mdogo. Ndani mlikuwa na chembe za chumvi na kutu. Aliinamisha uso akachungulia, akapitisha kidole chini kote, polepole, kuhakikisha.

"Hamuna muntu," akasema. "Tulitoka bote." Akafunga, akalipigapiga kama mtu anayepiga mgongo wa mtoto. "Basi, ile machozi yako ulilipa ngapi?"

"Zaire elfu moja, mia nane na hamsini."